Macho ya manjano: tudai kwa mpango

Wandugu wa Lokandu na Kindu,

Mtu akipata macho ya manjano, mkojo mweusi na kujikuna usiku kucha, wengi wanasema: malaria, ao uchawi. Mara ingine ni jiwe tu, limeziba mirija ya nyongo.

Tangu 1991 kuko IRM ya mirija hiyo. Inatumia sumaku na mawimbi ya redio, na nyongo inatokea nyeupe kwa picha. Hakuna kisu, hakuna mpira wa kupitisha kinywani, hakuna eksrei.

Lakini mashine ile inadai umeme mingi, usiokatika. Kupiga kelele "leteni IRM" bila umeme ni kudai sanduku la chuma. Tudai kwa mpango: kwanza ekografi na mtu anayejua kuisoma, karibu na Lokandu, mgonjwa asipande Lualaba bila kujua anaumwa nini. Kisha umeme wa kudumu Kindu. Halafu IRM.

Katiba ya 2006, kifungu cha 47, inahakikisha afya. Cha 48, umeme. Hatuombi zawadi. Muulize mbunge wako: pesa ya afya iko wapi? Asipojibu, rudia kesho.