Uuguzi wa Wazee Haukomei Dirishani

Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ilipotolewa mwaka 2003, serikali ya Tanzania imemhesabu aliyetimiza miaka 60 kuwa ni mzee, na asiyejiweza miongoni mwao kuwa anastahili kutibiwa bila ya malipo. Na apitaye leo katika hospitali zetu nyingi ataliona dirisha walilotengewa, pamoja na bango la kuwasihi watu wampishe mzee ahudumiwe kwanza. Hilo ni jambo la insafu, wala sina nia ya kulibeza. Lakini dirishani mgonjwa hupita tu, na taabu ya mzee aghalabu huanza pale anapolazwa, dawa zikiisha kugawiwa na jamaa wakiisha kwenda zao.

Mtazame ajuza aliyevunjika nyonga. Bilauri yake ya maji imewekwa juu ya kabati, upande ambao mkono wake haufiki. Sahani ya wali imekuja ya moto ikaondolewa imepoa, haikuguswa, na aliyeiondoa akasema bibi hataki kula, ilhali bibi hakuwa na wa kumketisha, na meno yake ya bandia yalikuwa mkobani. Kiu ya mtu mzima sana haimwamshi kama imwamshavyo kijana, kwa hiyo hatadai maji. Na akipungukiwa na maji, au akiingiwa na maradhi ya mkojo au ya mapafu, pengine bila ya homa yo yote, usiku huanza kuweweseka na kuwaita waliokwisha kufa, na wodi nzima ikakubaliana kwamba ni uzee. Uzee, maskini, umesingiziwa mengi.

Kadhalika asiyeweza kujigeuza hubanwa ngozi kati ya mfupa na godoro, damu ikakosa njia, na kidonda kikafunguka kiunoni au kisiginoni. Kinga yake ni kumgeuza, kwa desturi kila baada ya saa mbili, na kumweka mkavu. Naye Florence Nightingale aliandika tangu mwaka 1859 kwamba kidonda cha namna hiyo, kwa kawaida, ni taksiri ya uuguzi na si ya maradhi.

Wako wanaosema kuwa asili ya haya yote ni ukali wa wauguzi na ndimi zao. Ndimi kali zipo, sikatai. Lakini muuguzi aliyeachiwa peke yake wodi iliyojaa usiku kucha huanza na yale atakayoulizwa asubuhi, yaani sindano, dripu na joto la mwili, kwa kuwa yamo katika faili. Kunywesha, kulisha na kugeuza aghalabu havimo, basi hakuna avitakiaye hesabu. Wala tusidhani ni ufukara peke yake, maana ripoti ya Robert Francis ya mwaka 2013 juu ya hospitali ya Stafford, huko Uingereza kwenye neema, ilieleza habari za wagonjwa walioachwa bila ya maji na katika shuka chafu, wakati wakuu wa hospitali wakishughulikia mahesabu.

Kwetu pengo hilo huzibwa na binti au mkaza mwana alalaye sakafuni juu ya kanga. Twamsifu kwa mapenzi yake, na mapenzi anayo, ila hakuna aliyemfundisha namna ya kumgeuza mwenye nyonga iliyovunjika. Na mzee ambaye wanawe wako ghaibu, au wamemtangulia kaburini, hana hata huyo.

Rai yangu ni kwamba karatasi ya kugeuza na kunywesha itundikwe miguuni pa kitanda, yenye saa na sahihi, isomwe wakati wa kupokezana zamu kama isomwavyo ya dawa, na wahudumu wa wodi waongezwe wafunzwe kazi hiyo. Na jamaa akiwapo, asifukuzwe kama mgeni saa ya chakula, ambayo ndiyo mzee humhitaji zaidi. Muuguzi na amwelekeze, kisha naye atie jina lake katika karatasi ile ile.