Kisu kimeandikwa "Stainless". Sawa, lakini ni chuma gani?

Tuache programu kidogo, tuongee kuhusu visu vya kukunja.

Mwaka jana nilinunua kimoja mtaani kwa bei ya kutupa, cha kumenyea nyaya za mtandao. Kwenye bapa kulikuwa na neno moja tu: "Stainless". Wiki mbili baadaye makali yamejikunja. Rafiki yangu akacheka: "Si nilikwambia, hicho ni cha China!"

Hapo mimi nakataa. Spyderco ni kampuni ya Colorado, Marekani, lakini visu vyake vingine hutengenezwa Seki huko Japani, vingine Taichung huko Taiwan, na vingine huko huko China. Tofauti ni kwamba bapa hukuambia kisu kimetoka wapi na ni chuma gani. Hata kile kisu maarufu cha jeshi la Uswisi, shehena ya kwanza ya 1891 ilitoka Solingen, Ujerumani, kwa sababu Uswisi haikuwa na kiwanda cha kutosheleza oda. Leo Victorinox hukitengeneza Ibach, Uswisi.

Jina la chuma nalo si kila kitu. Chukua D2: ina kaboni kama asilimia 1.5 na kromiamu kama asilimia 12. Hushika makali muda mrefu, lakini sehemu kubwa ya hiyo kromiamu imefungwa na kaboni, kwa hivyo ukiishi Mombasa utaona kutu. Chuma cha Victorinox ni laini zaidi, kama 56 kwa kipimo cha Rockwell. Makali huisha mapema, ila dakika chache za kunoa zatosha, na kutu si rahisi.

Isitoshe, kuna namna kiwanda kilivyokipasha chuma moto na kukipoza. Joto likikosewa, hata chuma cha bei huwa kazi bure. Ni kama kompyuta: megahetsi nyingi, programu mbovu, utangoja tu.

Kwa hivyo neno "Stainless" peke yake ni sawa na muuzaji kukuambia kompyuta "ina prosesa". Asante, lakini ipi?

Ukienda dukani usiishie kuuliza nchi. Uliza chuma. Kama hakijaandikwa na muuzaji hajui, basi usilipe bei ya kisu kinachojulikana.

Haya, wewe mfukoni una kipi?