Bunduki fupi haishiki nafasi ya bastola barabarani

Mimi ni bwana shamba, si askari, lakini msimu huu wanunuzi watatu wa mpunga wameniuliza jambo moja, wakinionyesha picha kwenye simu: zile bunduki fupi zinazopendwa Marekani, zinazotumia risasi za bastola za milimita 9. Ukiwa na hiyo, bastola ya nini tena?

Maoni yangu ni haya. Kwa anayelala ghalani, inaweza kushika nafasi ya bastola, pengine hata kuizidi. Kwa anayetembea na fedha, haiwezi.

Ubora wake upo. Kitako kinakaa begani, mikono yote miwili imeshika, na mtutu una kama sentimita 40, wakati wa bastola ya kawaida ni 10 hadi 12. Risasi ni ile ile, ila inatoka kwa kasi zaidi kidogo, na silaha inatulia. Bastola ni ngumu kulenga kuliko sinema zinavyotudanganya. Lakini hata ghalani kumbuka kwamba risasi hiyo inapenya bati na mbao, na nyuma ya ukuta wako kuna watoto wa jirani.

Sasa panda nayo pikipiki. Bastola inakaa kiunoni, chini ya shati. Hii utaivaa mgongoni, na kila kijiji unachopita kitajua umebeba silaha, kwa hiyo umebeba na fedha. Ukiificha kwenye kiroba, anayekuvizia kwenye korongo hatakusubiri ufungue kamba. Atakuangusha kwanza, kisha ataondoka na fedha pamoja na bunduki yenye namba iliyo kwenye leseni yako.

Leseni nayo si ya kuchezea. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, leseni ya bastola haikupi ruhusa ya kumiliki bunduki nyingine, wala humwazimi mpwa wako alinde ghala wakati umesafiri. Kabla hujatoa hata shilingi moja ya kununulia, nenda polisi wilayani uulize kama aina hiyo utaruhusiwa.

Mmoja wa wale watatu aliniambia itamsaidia pia kufukuza tembo shambani. Hapo nilikasirika kidogo. Wawindaji wa tembo na nyati huanzia bunduki za .375, na risasi ya milimita 9 ni mchezo wa mtoto mbele ya hizo. Utamjeruhi tu, halafu tembo mwenye maumivu atakutana na mama anayechota maji asubuhi. Mwite afisa wanyamapori. Huku shambani funga kamba zenye vitambaa vya oili chafu na pilipili, au tundika mizinga ya nyuki.

Kuhusu fedha, yupo mnunuzi mmoja ninayemfahamu ambaye siku hizi hasafiri na chochote zaidi ya nauli na mafuta. Anapima mpunga, mkulima anapokea malipo kwenye simu pale pale mzani ukiwa bado unaning'inia. Makato wanagawana nusu kwa nusu, na kila msimu wanabishana kuhusu hiyo nusu. Jumla ya makato yake ya msimu mzima hainunui hata kitako cha bunduki ile.