Cherehani ya Kukanyaga kwa Mtu Asiyekanyaga

Ndugu zangu wa kambini, na nyinyi wa mashirika, leo nitasema wazi. Kutuhesabu mnajua. Kila mara tunajaza fomu: unaona? unasikia? unaweza kupanda ngazi? Tunajibu yote. Halafu tunaletewa kitu ambacho hiyo fomu yenyewe, kama ingesomwa, ingewakataza kukileta.

Mimi polio ilinichukua miguu yote miwili nikiwa mdogo, huko Goma. Hapa Kansanga nilifundishwa ushonaji miezi 6, nikafaulu vizuri tu. Siku ya kufunga mafunzo nikapewa cherehani. Ya kukanyaga! Watu wakapiga makofi, picha zikapigwa, na mimi nikacheka nao, maana huwezi kukunja uso mbele ya wageni. Tangu siku hiyo anayekanyaga ni binti yangu wa miaka 12, mimi naongoza kitambaa. Akitoka shule anakaa pale mpaka usiku. Oda zikiwa nyingi, shule haendi. Kwenye ripoti yenu mimi ni mtu mmoja aliyesaidiwa. Huyo mtoto mmemuandika wapi?

Na dawa yake wala si ngumu. Cherehani ile ile inafungwa mota ndogo ya umeme, na kibonyezo chake kinawekwa juu ya meza, unakibonyeza kwa kiwiko. Fundi wa cherehani anaijua hiyo kazi. Msiniambie bajeti ni ndogo: cherehani ilinunuliwa, pesa ilishatoka. Kilichokosekana ni mtu wa kuniuliza swali moja.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ripoti: watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa kimoja cha kuwasaidia, na katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni 3 tu kwa kila 100. Sawa. Mimi najiuliza, kati ya hao 3, wangapi wamepewa cherehani kama yangu? Ama kiti cha magurudumu membamba cha sakafu ya hospitali, huku kwetu ukiacha lami ya barabara ya Ggaba ni mteremko na matope?

Nendeni Busia mkaone. Kwa miaka mingi watu wenye polio wamevusha mizigo kati ya Kenya na Uganda kwa baiskeli za magurudumu matatu za kuendesha kwa mikono. Goma pia, kwenye mpaka wa Gisenyi, nimekua nikiwaona. Hakuna aliyewaonea huruma, mfanyabiashara alikuwa anawatafuta, kwa sababu kifaa na kazi vilikuja pamoja. Sisi tunapewa kifaa leo, kazi tunaambiwa tutajitafutia.

Tena mjini hapa mkimbizi anatakiwa kujitegemea, chakula cha mgao hakuna. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inamkataza mwajiri kutubagua. Lakini jirani yangu asiyeona, ambaye simu yake inamsomea kila ujumbe kwa sauti na yeye anajibu haraka kuliko mimi, akienda kuomba kazi anaulizwa eti, "Nani amekuleta?" Mazungumzo yanaishia hapo.

Huyo hahitaji semina nyingine, jamani. Anahitaji mtu wa kumsindikiza kazini wiki za mwanzo, azungumze na bosi, amwoneshe simu inavyofanya kazi, arudi baada ya mwezi kuuliza kuna tatizo gani. Nauli ya boda na mshahara wa mtu mmoja. Na asilipwe jirani yangu posho ya huruma, alipwe kama wenzake wanavyolipwa.

Mimi mota bado naitafuta. Jumatatu binti yangu anaanza mitihani, na nina magauni 3 ya harusi ya kumaliza. Nimemwambia aende shule. Wenye magauni nitawapigia simu.