Silaha Safarini: Ruhusa Huishia Mpakani



Mwezi huu twapenda kuzungumza jambo ambalo kwa wengi wetu laonekana kuwa la mbali, lakini kwa jamaa zetu waliohamia Marekani ni jambo la kila siku: nalo ni kusafiri na silaha kutoka jimbo moja kwenda jingine. Nyumba nyingi za kwetu leo zina mtoto, ndugu au mkwe aliye huko, na miongoni mwao wako walionunua bastola kwa ajili ya kulinda duka au nyumba, wakafuata sheria hatua kwa hatua. Mtu kama huyo hudhani kwamba kilicho halali mkononi mwake ni halali popote aendapo. Hapo ndipo hatari ilipo.

Aliyekulia kwetu hana lawama kudhani hivyo. Nchini Kenya sheria ya bunduki ni moja, toka Mombasa hata Kisumu. Lakini Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina baraza lake la kutunga sheria na mahakama zake. Ni kweli kwamba Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, ya mwaka 1791, yalinda haki ya watu kumiliki silaha. Tena mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilihukumu kwamba haki hiyo yafika hata nje ya nyumba. Ijapokuwa hivyo, Mahakama haikuyanyima majimbo uwezo wa kudai leseni, wala haikuliamuru jimbo moja likubali leseni ya jingine. Basi zaidi ya nusu ya majimbo hayamdai mtu leseni yo yote ya kuchukua bastola, na mengine, kama New Jersey, hayamruhusu ila mwenye leseni waliyoitoa wao wenyewe.

Tazameni mfano huu. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia, mwenye watoto wawili, alivuka kwa gari kuingia New Jersey. Kati ya Philadelphia na jimbo hilo hapana ila mto Delaware na madaraja yake. Bastola yake aliinunua kihalali, na leseni ya kuichukua alipewa na jimbo lake la Pennsylvania. Askari wa barabarani walimsimamisha kwa kosa dogo la uendeshaji, naye, kwa uaminifu, akawaambia mwenyewe kwamba ana bastola na leseni yake hii hapa. Akakamatwa papo hapo, akakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 3. Kesi ilimwandama muda mrefu, hata mwaka 2014 mwendesha mashtaka akakubali kumwondolea hatari ya kifungo, na mwaka 2015 Gavana akampa msamaha. Mama yule hakumwibia mtu wala hakumtisha mtu. Kosa lake ni kuvuka daraja.

Huenda msomaji akauliza: Je, msafiri hana kinga yo yote? Anayo, lakini ina masharti. Mwaka 1986 Kongresi ya Marekani ilipitisha sheria ya kuwalinda wenye silaha, na ndani yake mna kifungu kimhusucho mpita njia. Kifungu hicho chasema kwamba mtu aweza kupitisha bunduki katika jimbo lo lote, ijapokuwa jimbo hilo laikataza, yakitimia mambo haya. La kwanza, awe anaruhusiwa kuwa nayo na kuichukua kule atokako, na pia kule aendako. La pili, bunduki isiwe na risasi ndani. La tatu, bunduki na risasi zisiwe mahali anapoweza kuzifikia kwa urahisi akiwa garini. Yaani ziwekwe katika buti. Na kama gari halina buti lililotengwa, basi ziwe ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli, wala si katika kile kijaluba kilicho mbele ya abiria.

Mama yule wa Philadelphia hakuweza kujikinga kwa sheria hii, kwani bastola alikuwa nayo karibu naye, na New Jersey hakuwa na ruhusa. Lakini hata aliyetimiza masharti asijione amesalimika kabisa. Mwaka 2005 msafiri mmoja wa Utah alikuwa akienda Pennsylvania kwa ndege, na bastola yake imo katika mzigo, haina risasi, imefungwa kwa kufuli. Akachelewa ndege ya kuunganisha katika uwanja wa Newark, New Jersey. Akapewa mzigo wake, akalala nao hotelini usiku mmoja. Asubuhi alipourudisha uwanjani akatamka, kama kanuni itakavyo, kwamba ndani mna bastola, akakamatwa. Mashtaka yalifutwa baadaye, naye akawashtaki waliomkamata. Mwaka 2010 mahakama ya rufani ilimkatalia, ikasema kwamba maadamu usiku ule mzigo ulikuwa mikononi mwake hotelini, aliweza kuifikia bastola, na kinga ya mpita njia haikuwapo tena. Yatupasa tulizingatie hili: sheria yamlinda apitaye, wala haimlindi atuaye. Aidha, kinga hii aghalabu hudaiwa mbele ya hakimu, baada ya mtu kukwisha kukamatwa.

Ama safari ya ndege, kanuni yake ni wazi. Bunduki haiingii pamoja na abiria katu. Hutiwa katika sanduku gumu lenye kufuli, bila risasi ndani yake, ikatangazwa kwa wapokea mizigo, ikaenda na mizigo ya chini. Juu ya hayo, mwaka 2023 walinzi wa viwanja vya ndege vya Marekani walikamata bunduki 6,737 mahali pa kukagulia abiria, na zaidi ya tisa katika kila kumi zilikuwa na risasi tayari. Wengi wa wenyewe hudai kuwa walisahau. Silaha isahauliwayo katika mkoba, je, nyumbani huwekwaje penye watoto?

Neno la pekee kwa vijana wetu walioko masomoni. Sheria ya Marekani kwa kawaida yamkataza mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi au mtalii, hata kushika bunduki au risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache, kama kuwa na leseni halali ya kuwinda. Na asiye raia, ijapokuwa ana kibali cha kukaa daima, akihukumiwa kwa kosa la bunduki aweza kurudishwa kwao. Rafiki akikuambia, “Nishikie bastola hii mpaka tufike,” mkatalie.

Wala si jambo geni kwetu kwamba silaha husafiri kwa sharti. Katika mapatano ya Hudaybiya, mwaka wa 6 wa Hijra, iliandikwa kwamba Waislamu wataingia Makka mwaka ujao kwa siku 3, wala hawatachukua ila silaha ya msafiri, panga zikiwa ndani ya ala. Baadhi yao walizaliwa katika mji ule, na panga zilikuwa mali yao. Hata hivyo waliingia kwa sharti walilolikubali, wakatoka siku zilipotimia.

Basi, ndugu msomaji, ukimwandikia jamaa yako aliye huko, mkumbushe haya: kabla ya safari asome sheria ya kila jimbo atakalopita, si lile aendalo tu, na penye shaka amwulize mwanasheria, wala asitosheke na maneno ya muuza bunduki. Akipita katika jimbo linalokataza, asilale humo. Na kama safari haiihitaji silaha, aiache nyumbani ndani ya sanduku lake la chuma, na ufunguo auweke mahali ambapo mtoto hafiki.