Pembe ya mzungu na tunguri la mganga

Nimepotea wiki mbili hivi, kazi za gazetini zimenibana kweli kweli. Leo nimerudi nikiwa na hasira kidogo, kwa hiyo mnivumilie.

Juzi nilitumwa kuandika habari ya hafla ya kuonja mvinyo kwenye hoteli moja hapa Dar es Salaam. Chupa ya siku hiyo ilikuwa Shiraz kutoka Bonde la Barossa, Australia Kusini. Mizabibu yake ina zaidi ya miaka 100 na shamba linalimwa kwa njia inayoitwa bayodinamiki. Nilikunywa. Mvinyo ni mzuri, hilo sibishi hata kidogo.

Ninachobisha ni karatasi ya maelezo tuliyogawiwa, na makofi tuliyoyapiga ilipokuwa inasomwa.

Karatasi ilisema kwamba pembe za ng'ombe hujazwa samadi, hufukiwa ardhini wakati wa baridi, kisha hufukuliwa. Samadi ile inakorogwa kwenye maji kwa saa nzima, mara kulia mara kushoto, halafu inanyunyizwa shambani kidogo kidogo ili ivute nguvu za mbinguni. Wageni wakatikisa vichwa. Mama mmoja pembeni yangu akasema, "Wenzetu wako mbali sana kisayansi."

Jamani! Babu yangu kijijini angefukia pembe yenye mavi ya ng'ombe shambani, huyu mama angesema nini? Angesema ushirikina. Magazeti yetu, likiwemo langu, yangeandika kichwa cha habari chenye alama tatu za mshangao. Mzungu akifanya hivyo hivyo, tunalipia chupa kwa fedha za kodi ya nyumba ya mwezi mzima na tunaita sayansi.

Tuseme ukweli kuhusu asili ya jambo hili. Aliyelianzisha ni Rudolf Steiner, mwanafalsafa wa Austria, kwenye mihadhara minane aliyoitoa Juni 1924 kijijini Koberwitz, eneo ambalo leo liko Poland. Hakuwa mkulima. Pamoja na pembe, alielekeza maua fulani yatiwe ndani ya kibofu cha paa dume, na magamba ya mti wa mwaloni yatiwe ndani ya fuvu la mnyama wa kufugwa. Na mwenyewe hakuwa mpenzi wa pombe, alifundisha kwamba inazuia ukuaji wa roho. Hayo hayakuwemo kwenye karatasi!

Mtaniuliza, mbona mvinyo ulikuwa mzuri? Swali zuri. Mkulima wa bayodinamiki hatumii mbolea za viwandani wala dawa kali za kuua wadudu na magugu. Anatengeneza mboji, anafuga, anatembelea shamba lake kila siku na kulijua mti kwa mti. Shamba linalotunzwa hivyo lazima lishukuru. Lakini je, pembe inaongeza nini juu ya mboji? Huko California watafiti walilinganisha zabibu za Merlot zilizolimwa kwa mboji tu na zilizoongezewa dawa za Steiner, na matokeo yakachapishwa 2005. Kwa miaka 6 ya kwanza udongo haukuonyesha tofauti ya ubora. Mwaka mmoja zabibu zilitofautiana kidogo kwa sukari. Basi, ndiyo hiyo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hadithi ya pembe imefunika hadithi ya kweli, na ya kweli ni nzuri kuliko hiyo.

Mizabibu ile ni mizee kwa sababu mdudu anayeitwa filoksera, aliyeteketeza mashamba ya Ulaya karne ya 19, hajawahi kuingia Australia Kusini. Kuna Shiraz pale Barossa inayoaminika kupandwa 1843. Halafu katikati ya miaka ya 1980 serikali iliwalipa wakulima wang'oe mizabibu, kwa kuwa zabibu zilikuwa nyingi na Shiraz ilikuwa imepitwa na fasheni. Mashina ya zaidi ya miaka 100 yaling'olewa. Yaliyobaki yalibaki kwa sababu kuna wakulima waliokataa kuchukua fedha hizo, na watengenezaji wachache waliokubali kununua zabibu zao. Mwaka 2009 Barossa wakaweka madaraja rasmi ya umri, kuanzia miaka 35 hadi 125 na kuendelea. Wakulima wa zabibu wa Dodoma, wanaojua uchungu wa kuvuna bila mnunuzi, wangeielewa habari hii bila kutafsiriwa.

Karatasi ikadai pia kwamba Shiraz ilitoka mji wa Shiraz, Uajemi. Vipimo vya vinasaba vya mwishoni mwa miaka ya 1990 vilionyesha wazazi wake ni zabibu mbili za Ufaransa, Dureza na Mondeuse Blanche. Sisi watu wa pwani tungeshtuka mapema. Tunajua vizuri jinsi jina la Shirazi linavyompandisha mtu cheo.

Na chakula je? Walituletea samaki wa kupaka na kamba wa pilipili. Mvinyo mwekundu wenye tanini nyingi ukikutana na samaki, mdomo unabaki na ladha ya chuma. Pilipili kali nayo ikikutana na kileo cha asilimia 14 au 15, ni moto juu ya moto.

Shiraz ya namna hii inataka nyama yenye mafuta. Tanini inayokausha ulimi inatulizwa na mafuta na protini. Mbavu za mbuzi za kuchoma, mishkaki ya ng'ombe, chumvi, ndizi za kuchoma pembeni. Ndimu ipunguzwe, ikizidi mvinyo unapooza. Pilipili manga weka bila woga, maana wanasayansi wa Australia waligundua kuwa harufu ya pilipili manga kwenye Shiraz inatokana na kemikali ya rotandoni, ile ile iliyomo kwenye pilipili manga yenyewe. Wakulima wa Barossa, ambao mababu zao walitoka Silesia, wanainywa na soseji na nyama za moshi. Hakuna aliyewaambia wasubiri mwezi.

Niliyaandika haya yote, kwa ufupi. Mhariri akayakata, akabakiza "mvinyo wa kipekee" na majina ya waheshimiwa waliohudhuria. Akaniambia, "Kijana, ile ilikuwa burudani, usilete fujo." Asubuhi habari ikatoka ikiwa na jina langu juu, na nusu yake ni ile karatasi.

Ndiyo maana nimeandika hapa. Siwaombi mumheshimu mganga, wala siwaombi mumdharau mkulima wa Barossa. Ninachoomba ni mizani moja. Ukimwuliza babu ushahidi wa tunguri lake, mwulize na mwenye pembe. Na sisi waandishi tuwe wa kwanza kuuliza, hata kama glasi imejaa na ni ya bure.

Juzi mimi sikuuliza. Nilipiga makofi pamoja na wengine.