Garnitire za Nyuma Zinaisha, Chofere Anakatwa Mshahara: Nani Anapaswa Kulipa?

Ndugu na dada wa Goma, Sake, Masisi na Walikale, na ninyi mlio mbali mnaotuma pesa ya piesi kila mara gari ya familia inapolala garaje,

Leo tunaandika juu ya freni. Mtatucheka, tunajua: eti vijana wameacha mambo ya nchi, sasa wanaongea garnitire na plaketi. Lakini muulize yeyote mwenye Hilux ama Land inayopanda Mushaki na kushuka Masisi, ni mara ngapi mwaka huu amefungua magurudumu ya nyuma. Kisha muulize chofere wake ni mara ngapi amekatwa pesa juu ya hizo garnitire.

Tunasema tangu mwanzo: kumkata chofere pesa ya freni za nyuma zilizoisha mapema ni dhuluma, hata kama patro naye anaumia kweli.

Kawaida ya gari ni hii. Ukikanyaga freni, uzito unakimbilia mbele, kwa hiyo freni za mbele ndizo zinafanya kazi kubwa, na ndizo zinaisha kwanza. Za nyuma, sana sana zile za tamburi, zinadumu. Ndiyo maana mwenye gari akiambiwa kwamba za nyuma zimekwisha na za mbele bado ni nzima, anashangaa, kisha anakasirika. Na mtu aliyekasirika anamtafuta aliye karibu. Aliye karibu ni chofere.

Sisi wenyewe tuko na kagari. Tulikuwa watano, lisansi mkononi, barua za kuomba kazi zimezunguka ofisi zote mpaka tukachoka kulipa fotokopi. Tukachanga. Mmoja aliuza ng'ombe aliyoachiwa na baba yake, mwingine alipokea zamu ya mama yake kwenye likelemba, tukanunua Hilux ya okasio, volani upande wa kuume kama nyingi zinazoingia kwetu kupitia Uganda. Kazi yake: Sake kwenda Masisi na watu, kurudi na viazi, maharagi na fromaji.

Garnitire za nyuma za kwanza hazikumaliza miezi miwili. Tukaenda garaje mjini. Fundi akafungua, akatuonyesha kwa kidole: “Petit, chofere wenu anakanyaga sana. Ona.” Tukalipa. Za pili zikaisha upesi kuliko za kwanza. Fundi yule yule akasema: “Hizi zenu ni za bei ya chini, grand, ndio shida.” (Siku hiyo tulikuwa tumepandishwa cheo, kutoka petit mpaka grand, juu alitaka kutuuzia za bei ya juu.) Tukanunua zile za karatasi yenye kung'aa, “orijino, ya Japani kabisa.” Nazo zikaisha. Mwenzetu mmoja akataka tumfukuze chofere. Tulimkatalia, tukaipeleka gari kwingine.

Mzee mmoja wa Sake, fundi asiye na hata bango mlangoni, alitoa tamburi akainusa kabla ya kusema neno. “Wanangu, hii mafuta inatoka wapi?” Ilikuwa mafuta ya ponti, ya ekseli ya nyuma. Ilikuwa inapita kwenye joini, ile duara ya mpira inayozuia mafuta isitoke, na kulowesha garnitire. Garnitire iliyolowa mafuta inalainika, inakamata vibaya, haifai tena. Ukiweka mpya bila kubadilisha joini umetupa pesa barabarani. Na ile joini bei yake haikufika hata robo ya bei ya garnitire. Mara tatu tulilipa, mara tatu hakuna aliyejisumbua kuuliza kwa nini.

Mzee hakuishia hapo. Aliingia chini ya gari akatuita tuone. Hilux nyingi za zamani, na Land pia, ziko na kifaa kidogo karibu na ekseli ya nyuma, kimeshikwa na fimbo ya chuma. Mafundi wanakiita repartiteri. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari ikiwa tupu, sehemu ya nyuma inanyanyuka, kifaa kinapunguza nguvu ya freni za nyuma ili magurudumu yasikwame na gari isizunguke. Gari ikibeba, nyuma inashuka, kifaa kinafungua, freni za nyuma zinapata nguvu zaidi.

Sasa angalia tunavyofanya kwetu. Kwa sababu ya mzigo na mashimo, tunaongeza resori nyuma. Gari inanyanyuka, hata ikibeba haishuki kama zamani. Kifaa kinadanganyika: kinafikiri gari ni tupu wakati iko na tani ya viazi na watu kumi juu yake. Freni za nyuma zinalegea, chofere analalamika. Fundi anafanya nini? Anafunga ile fimbo na waya, juu kabisa, iwe kama gari imebeba saa zote. Chofere anafurahi wiki ya kwanza. Kumbe tangu siku hiyo freni za nyuma zinapigwa nguvu yote, gari ikiwa na mzigo ama bila mzigo, na kwenye matope gari tupu inaanza kuteleza matako mbele. Fimbo ya Hilux yetu ilikuwa imefungwa na waya. Aliyeifunga hatumjui, gari tuliikuta hivyo.

Ongeza matope. Tamburi si chungu chenye kifuniko cha kukaza. Maji ya mto na tope la udongo mwekundu vinaingia. Tope likikauka ndani linakuwa kama msasa: kila mzunguko wa gurudumu linakwaruza. Upande wa Goma na Sake ni vumbi la mawe ya volkano, hayo hayo tunayomwaga barabarani kufunika mashimo, na kila mtu anajua jiwe la Nyiragongo lilivyo gumu. Kamba ya freni ya mkono nayo inajaa tope. Unapakia kwenye mteremko, unavuta freni ya mkono, unaiachia, lakini ndani haikuachia. Unatembea kilometa nyingi freni za nyuma zikiwa zimekamata kidogo, mpaka konveyeri anasikia harufu ya kuungua. Ndiyo maana konveyeri wengi wanaruka na jiwe ama kipande cha mti wa kuweka nyuma ya gurudumu. Watu wa mjini wanawacheka, lakini wale vijana wanajua wanachofanya.

Chofere naye ana sehemu yake, hatutaficha. Kuna wanaotoa vitesi kwenye mteremko waache gari iteleze yenyewe, juu ya kuokoa mafuta. Hapo injini haisaidii kushika gari, kila kitu kinabaki kwa freni, na freni zinapata moto. Mafuta ya freni ya DOT 3 yakiwa mapya yanapaswa kuvumilia mpaka digrii 205 kabla ya kuchemka. Yakishakunywa maji ya hewa, na kwetu mvua haikosi, kiwango kinashuka mpaka 140. Yakichemka, pedali inaingia mpaka chini na hakuna kitu. Abiria anayeshuka kutoka Mushaki hajui hesabu hiyo, lakini ndiyo inaamua kama atafika Sake. Lakini nani anamfanya chofere aokoe kikombe cha mafuta? Verseman. Patro anataka pesa ya kila siku kamili, mvua ama jua. Chofere anaokoa kwenye mafuta, patro anapoteza kwenye garnitire, kisha anamkata chofere.

Wenye jeep mpya zenye kompyuta wasifikiri wameokoka. Gurudumu likizunguka bure kwenye tope, kompyuta inalikamata kwa freni ili nguvu iende kwa lingine. Chofere hata hakugusa pedali, lakini plaketi zinaliwa. Hata Ulaya na Marekani kuna wenye gari mpya wanaolalamika kwamba plaketi za nyuma zinaisha mbele ya zile za mbele. Wao angalau wanalalamika wakiwa kwenye lami. Na zile zenye freni ya mkono ya umeme zinataka mashine ya kurudisha pistoni. Sisi tunaona zikisukumwa kwa nguvu ya kibano, kitu kinavunjika ndani, na bili inarudi kwa mwenye gari.

Hapa ndipo tunatoka kwenye garaje na kuingia kwenye mambo ya nchi.

Mwaka wa 2017 watafiti wa IPIS walihesabu bariere 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Bariere nyingine iko kwenye mteremko, nyingine kwenye kona. Kila kamba iliyotandikwa njiani ni freni moja zaidi na gari imejaa, kisha vitesi ya kwanza, kisha freni tena. Tunalipa kupita, na tunalipa kusimama.

Lami nayo tunaijua. Walikale iko kwenye barabara ya taifa namba 3, inayotakiwa kuunganisha Bukavu na Kisangani. Kule Kilambo kuna kipande cha lami, na katika miaka ya 2000 ndege ndogo zilikuwa zinatua juu yake kuchukua kasiterite. Fikirini vizuri: kipande cha barabara kilichofaa kwa gurudumu kilichukuliwa na ndege, na gari zikabaki na matope. Madini ya Walikale yanatoka mpaka leo. Tope kati ya Nyabiondo na Kashebere linabaki.

Na pesa ya barabara tunatoa. Sheria ya 2008 iliunda FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, na pesa yake inatoka kwenye mafuta tunayonunua na kwenye peaje. Maana yake hata motari anayeweka lita moja amechangia. Tangu mwisho wa Januari 2025 Goma iko mikononi mwa M23, Walikale-centre nayo iliingiwa Machi mwaka huo huo kabla hawajatoka, na kila upande uko na watu wake wa kukusanya. Kwetu swali ni moja kwa wote, Kinshasa, M23 ama kundi la porini: anayepokea pesa ya barabara aonyeshe barabara. Asiyeweza kuonyesha hata kilometa moja iliyosawazishwa aache kunyoosha mkono.

Kuhusu piesi: OCC ipo tangu 1974 kwa kukagua bidhaa zinazoingia. Freni ni bidhaa. Garnitire mbaya haiungui peke yake, inaungua na abiria kumi na wanne. Tunataka kusikia kiwango gani kinatumika kwa garnitire na plaketi zinazopita mipakani, na ni mzigo gani uliorudishwa.

Kwa nyinyi wenye gari, wazazi wetu na yaya zetu, tunaongea kwa heshima. Kabla ya kumkata kijana pesa, simama pale garaje wakati tamburi inatoka. Dai piesi ya zamani irudi mkononi mwako. Muulize fundi mambo manne tu: kuna mafuta ndani? Kamba ya mkono inaachia? Fimbo ya repartiteri iko huru? Mafuta ya freni yalibadilishwa lini? Fundi mzuri atafurahi kuulizwa. Yule anayekujibu “chofere wako anakanyaga sana” kabla hajafungua kitu, toa gari yako hapo.

Kwa mafundi: wengi wenu ni rafiki zetu, na tunajua mnafanya kazi kwenye vumbi bila vifaa, na mteja anayetaka gari saa hiyo hiyo. Lakini kufunga ile fimbo na waya bila kumwambia mwenye gari kutaua watu. Mwandikieni risiti, hata kwenye karatasi ya daftari: umebadilisha nini, kilometa ngapi, sababu gani.

Nanyi machofere, pedali ikianza kwenda chini kwenye mteremko, rudisheni vitesi ya chini, simameni mapema, ngojeni ipoe. Msimwagie tamburi maji ya baridi, itapasuka. Abiria watapiga kelele, waache wapige. Na patro akikata mshahara juu ya freni, mwambie alete maelezo ya fundi kwa maandishi.

Tumeanza kukusanya ushuhuda wa njia ya Sake–Masisi–Walikale. Tupe picha ya garnitire iliyoisha, kilometa ilizofanya, risiti kama iko, na kama ulikatwa pesa sema ngapi. Andika pia umepita bariere ngapi siku hiyo na ulilipa nani. Majina yenu hatutayatoa. Tukishapata za kutosha tutazibeba, zile za chuma zenyewe ndani ya mfuko, mpaka mezani kwa wanaopokea pesa ya barabara.